Mshale wa Taa Barabarani: Nani Ana Haki ya Kupinda?

Taa ya barabarani ikiwa nyekundu na kando yake ukawaka mshale wa kijani, dereva apite au asimame? Mshale wa kijani wa kushoto unamhakikishia kwamba magari yanayomjia yamesimamishwa, au unamruhusu tu kujaribu bahati? Na mshale wa manjano unaowaka na kuzima ni onyo, ni ruhusa, au ni vyote viwili?

Maswali haya yanawatatiza watu wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, kuliko wengi, kwa sababu taa hazijawafikia nyumbani, lakini wao husafiri kwenda zilipo. Nyumbani, gari na pikipiki huongozwa na mazoea, na mkono wa polisi wa rulaji (polisi wa barabarani), na kanuni ya kumpisha anayetoka kuume. Lakini dereva huyohuyo wa Baraka kesho yuko Bujumbura au Lubumbashi, keshokutwa yuko Kigoma, na dada yake anajiandaa kwa mtihani wa permi (leseni ya udereva) huko Marekani. Kila mmoja anamfundisha mwenzake alichoambiwa. Majibu hayafanani, na kila anayejibu ana uhakika.

Wengi wao wanasema kweli, lakini kila mmoja anasema kweli ya mahali alipojifunzia. Mshale wa taa hubeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mwelekeo: unaonyesha upande gani unaruhusiwa kwenda. La pili ni ahadi kuhusu wengine: je, wanaoweza kukugonga wamezuiwa au hawakuzuiwa? Mwelekeo ni uleule duniani kote. Ahadi ndiyo inayobadilika kutoka nchi hadi nchi, na hata kutoka taa moja hadi nyingine mjini mlemle. Anayedhani mambo hayo mawili ni moja ndiye anayejikuta katikati ya njia panda, lori likimjia.

Ziwa moja, pande mbili za barabara

Nchi nne zinagusa Ziwa Tanganyika. Kongo na Burundi huendesha magari upande wa kuume. Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto. Huo ni urithi wa wakoloni: Wabelgiji waliacha desturi yao upande wa magharibi na kaskazini, Waingereza wakaacha ya kwao mashariki na kusini. Kwa mtu wa mjini Paris au Chicago tofauti hii ni jambo la kusoma vitabuni. Kwa mtu wa Baraka ni jambo la safari moja ya boti.

Historia imelizidisha. Vita vya Kongo vya 1996 na vilivyofuata viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, katika kambi kama Nyarugusu na Lugufu. Mwaka 2005, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwarudisha kwa meli kupitia Baraka. Wapo waliokulia nchi ambayo gari hutokea upande mwingine, wakajifunza huko kuvuka barabara na hata kuendesha, kisha wakarudi kwenye barabara ya Uvira, Baraka na Fizi yenye desturi tofauti. Wengine walitoka Nyarugusu moja kwa moja hadi Marekani, wakakuta huko wanaendesha kuume kama Kongo, lakini chini ya taa nyingi ambazo hawakuwahi kuzitegemea.

Jambo hili linahusu mishale moja kwa moja. Penye kuendesha kuume, kupinda kuume ni kukata kona fupi pembeni, bali kupinda kushoto ni kukatiza mbele ya wanaokuja. Penye kuendesha kushoto, hatari inahama: kupinda kushoto ndiyo kona fupi, na kupinda kuume ndiko kukatiza. Kwa hiyo mshale mzito wa Baraka, Bujumbura na Chicago ni wa kushoto. Mshale mzito wa Kigoma, Dar es Salaam na Mpulungu ni wa kuume. Aliyekariri kwamba mshale wa kuume hauna hatari, akavuka ziwa na kauli hiyo kichwani, amebeba kosa linaloweza kumuua.

Kuna na magari yenyewe. Kongo ya mashariki imejaa magari yenye usukani wa kuume, yaliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Dereva wa gari la namna hiyo, akitaka kupinda kushoto kwenye barabara ya Kongo, ameketi mbali na katikati ya barabara. Kukiwa na lori upande wa pili linalosubiri kupinda nalo, yeye ndiye wa mwisho kuona kinachokuja nyuma ya lori hilo. Dereva huyu anahitaji ahadi ya mshale kuliko mwingine yeyote.

Kwa nini kona inahitaji taa yake

Msomaji anaweza kuuliza: kama taa ya kijani imewaka, kwa nini kuongeza mshale? Jibu liko kwenye hesabu ya mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba dereva wa kawaida anayekatiza mbele ya wanaokuja, kwenye taa ya kijani ya duara, anahitaji nafasi ya takriban sekunde nne na nusu. Zidisha, upate zaidi ya mita 60. Hii ina maana kwamba gari la upande wa pili likiwa karibu kuliko hapo, hakuna nafasi ya kupinda, hata kama macho yanasema ipo. Na macho hudanganya zaidi usiku, penye pikipiki yenye taa moja, au penye gari lililobebeshwa mzigo na watu lisiloweza kushika kasi upesi.

Makutano ya barabara mbili zenye njia moja kila upande yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana, yakiwa yanakatizana, yanaungana au yanatengana. Nyingi kati ya zile za kukatizana, ambazo ndizo hatari kuliko zote, zinaletwa na magari yanayopinda mbele ya wengine. Ndiyo maana taa ya kawaida, inayofungua barabara moja na kufunga nyingine, inamaliza sehemu tu ya tatizo. Inatenganisha wanaotoka Uvira na wanaotoka sokoni, lakini haiwatenganishi wanaokabiliana uso kwa uso katika barabara moja wakati mmoja wao anataka kupinda. Kazi hiyo ya pili ndiyo ya mshale.

Sheria inasema nini

Kongo inaongozwa na Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kanuni ya barabara mpaka leo. Mwaka mmoja kabla yake, nchi hii, ikiitwa Zaire, ilijiunga na mikataba ya Vienna ya tarehe 8 Novemba 1968 kuhusu mwendo na alama za barabarani. Mikataba hiyo ndiyo mama wa sheria za nchi nyingi za Ulaya na Afrika. Marekani haikujiunga na ule wa alama. Ina kitabu chake cha alama, na kila jimbo lina sheria yake juu ya kitabu hicho. Hapa ndipo njia zinapoachana.

Katika mkataba wa Vienna, taa ya kijani ya duara inaruhusu kwenda mbele au kupinda, lakini haimwondolei anayekatiza wajibu wa kuwapisha wanaokuja, wala wajibu wa kuwapisha wanaovuka kwa miguu kwenye barabara anayoingia. Taa ya kijani yenyewe ikiwa na umbo la mshale, ruhusa ni ya upande ule tu unaoonyeshwa. Halafu kuna mshale wa ziada, unaowekwa kando ya taa tatu. Huu ukiwaka, mkataba unasema magari yanaweza kwenda upande wake hata kama taa kubwa ni nyekundu. Unaongeza kwamba dereva aliye kwenye njia ya kupindia tu, ambaye kusimama kwake kunawazuia walio nyuma, anapaswa kwenda, mradi awapishe walio kwenye msafara anaojiunga nao na asiwahatarishe wanaotembea.

Basi swali la kwanza la madereva limejibiwa: taa nyekundu pamoja na mshale wa kijani wa ziada si amri mbili zinazopingana. Nyekundu inawahusu wanaokwenda kwingine. Mshale unawahusu wanaokwenda upande wake. Lakini kifungu hichohicho kinaonyesha pia kwamba mshale hauondoi wajibu wa kupisha mahali pote. Ubelgiji, ambako sheria ya Kongo ina asili yake, inatamka wazi kwamba mshale wa kijani unaowaka pamoja na taa nyekundu unamtaka dereva awapishe wanaotoka kihalali pande nyingine pamoja na watembea kwa miguu.

Misimamo minne

Wanaopanga barabara duniani hawajakubaliana kuhusu njia bora ya kumpitisha anayepinda. Misimamo yao inaweza kukusanywa katika mafungu manne.

Msimamo wa kwanza: mshale unaolinda

Hawa wanasema: mshale wa kijani usiwashwe kamwe isipokuwa kila anayeweza kukatizwa amesimamishwa kwa taa nyekundu, wakiwemo watembea kwa miguu. Ujerumani inafuata hivyo kwa mishale yake ya kuwaka: mshale wa kijani unamaanisha njia yako imesafishwa. Marekani nayo hutumia mshale wa kijani unaowaka mfululizo kwa maana hiyohiyo.

Nguvu ya msimamo huu ni uwazi wake. Dereva mgeni, mzee, au asiyejua kupima umbali, hana la kukisia. Dar es Salaam inaonyesha kwa nini wakati mwingine hakuna njia nyingine. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016, yakiwa na njia zao katikati ya Barabara ya Morogoro, dereva anayepinda kuume anakatiza magari yanayomjia, na tena anakatiza basi linaloweza kutokea nyuma yake. Hakuna shingo inayoweza kuangalia pande zote hizo kwa pamoja. Penye ujenzi wa namna hiyo, mshale usiolinda ni mtego.

Udhaifu wake ni muda. Kila taa zinapobadilika, sekunde kama nne hupotea: wa mwisho wanamaliza kutoka, wa kwanza hawajaondoka. Makutano yenye zamu mbili hupoteza kama sekunde 8 katika mzunguko. Yakipewa zamu nne, kwa ajili ya mishale, yanapoteza kama 16. Katika mzunguko wa sekunde 60, hiyo ni zaidi ya robo ya muda ambayo hakuna anayepita. Suluhisho la wahandisi ni kurefusha mzunguko, na mzunguko mrefu unawachosha watu, na watu waliochoka hupita kwenye taa nyekundu. Pia mshale unahitaji njia yake ya kupindia. Bila njia hiyo, gari moja linalosubiri mshale wa kushoto linawazuia wote wanaotaka kwenda mbele, ingawa taa yao ni ya kijani.

Msimamo wa pili: taa ya duara na busara ya dereva

Hawa wanasema mishale ni mingi mno, tupunguze. Taa ya kijani ya duara iwaruhusu wote, na anayekatiza asubiri nafasi. Faida ni kwamba zamu ni mbili tu, sekunde hazipotei, vifaa ni vichache na matengenezo ni rahisi. Penye magari machache, mfumo huu unapitisha watu vizuri kuliko mwingine wowote wenye taa.

Tatizo ni kwamba unategemea kabisa uwezo wa kupima zile mita 60. Magari yakiwa mengi, nafasi haipatikani mpaka taa inapogeuka manjano, na hapo wapindaji wawili watatu hujipenyeza kwa pamoja. Anayeumia zaidi ni mtembea kwa miguu. Dereva anayesaka nafasi huwa ameyakaza macho kwa magari yanayomjia; nafasi ikitokea anakanyaga mafuta, kisha anakutana na mama mwenye mzigo kichwani ambaye naye alipewa kijani cha kuvuka. Katika mji ambao wengi hutembea kwa miguu, na wengi wa wenye magurudumu wako juu ya baiskeli na pikipiki, udhaifu huu si wa kupuuza.

Msimamo wa tatu: mshale unaowaka na kuzima

Hawa wanatafuta katikati. Mshale mmoja uwe na lugha mbili: wakati wa msongamano uwake kijani na ulinde; wakati wa utulivu uwake na kuzima kwa manjano, maana yake pinda, lakini wapishe kwanza wanaokuja. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani 2003 ulionyesha kwamba madereva wanauelewa mshale huo wa manjano vizuri, na uliingizwa rasmi katika kitabu cha alama cha nchi hiyo cha 2009.

Faida yake moja inastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu inagusa kosa linaloua. Dereva anayesubiri kupinda kushoto kwenye taa ya duara huona taa yake inageuka manjano. Anajiambia: kama yangu ni manjano, basi na ya wanaokuja ni manjano, watasimama, nikate sasa. Lakini katika mipangilio fulani, upande wa pili bado una kijani. Anakata mbele ya gari ambalo halina sababu ya kusimama. Mshale wake mwenyewe, unaoendelea kuwaka na kuzima mpaka upande wa pili nao ufungwe, unaondoa udanganyifu huo.

Udhaifu ni kwamba ishara hii haina maana moja duniani. Ufaransa pia ina mshale wa manjano unaowaka na kuzima, lakini huko huandamana na taa nyekundu: unamruhusu dereva kupita nyekundu kuelekea upande wa mshale baada ya kuwapisha wengine. Ujerumani ina kitu cha tatu: kibao kidogo chenye mshale wa kijani uliochorwa, kisichowaka, kilichoanza Ujerumani ya Mashariki 1978 na kukubaliwa nchi nzima 1994. Kibao hicho kinamruhusu dereva kupinda kuume kwenye taa nyekundu, lakini lazima asimame kwanza kabisa. Mshale wa kijani unaowaka unasema nenda, njia ni safi. Mshale wa kijani uliochorwa unasema simama, tazama, kisha nenda. Mgeni asiyefundishwa hawezi kulijua hilo kwa kutazama tu.

Msimamo wa nne: makutano bila taa

Hawa wanasema tatizo ni makutano yenyewe, si taa. Ronpwe, yaani makutano ya mduara, inaondoa kukatizana: kila anayeingia anapinda upande mmoja, na anayetaka kushoto anazunguka. Zile sehemu 32 za kugongana hupungua hadi nane, na mwendo unapungua wenyewe kwa sababu ya kona. Uchunguzi wa makutano ya Marekani yaliyogeuzwa kuwa ronpwe, uliotolewa 2000, ulikuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa karibu robo tatu. Ronpwe haihitaji umeme. Haiharibiki mvua ikinyesha.

Ila ina sharti: anayeingia ampishe aliye ndani. Kanuni ya kumpisha anayetoka kuume ikitumika ndani ya ronpwe isiyo na alama, anayeingia ndiye anayepishwa, na duara hujifunga lenyewe mpaka hakuna anayetoka. Sharti la pili ni nafasi: lori refu linalotoka Uvira linahitaji duara pana, na viwanja vya pembeni ya barabara kwa kawaida vimekwisha kujengwa maduka.

Katika fungu hili yumo pia polisi wa rulaji. Mkataba wa Vienna unamweka juu ya taa zote na alama zote: mkono wake ukipingana na mshale, mkono ndio unaofuatwa. Mkono ulioinuliwa juu unasimamisha wote. Mikono iliyonyooshwa kando inasimamisha wanaotaka kukatiza mwelekeo wa mikono hiyo. Dereva wa Baraka akiona polisi wa Dar es Salaam au Nairobi anaita magari huku taa ni nyekundu, asishangae wala asibishane. Nguvu ya polisi ni kwamba anaona foleni na wagonjwa na watoto wa shule, mambo ambayo saa ya taa haiyaoni. Udhaifu wake ni kwamba anachoka, anaweza kushawishiwa, na anaporefusha zamu ya upande mmoja kwa dakika nyingi, wengine wanalipa.

Kongo imejaribu njia yake ya kati. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay wa chama cha Wotech: mashine zenye umbo la mtu, zinazotumia nguvu ya jua, zenye taa nyekundu na kijani, zinazozungusha kiwiliwili na kunyanyua mikono. Lubumbashi nayo ikazipata. Somo lake kwa miji midogo ni kubwa: taa inaweza kujengwa nchini na kuishi bila waya wa umeme. Pia umbo la mtu linaheshimiwa na madereva waliozoea mkono wa polisi. Lakini kufungua na kufunga upande mzima wa barabara ni kazi ileile ya taa ya duara. Anayepinda kushoto bado anahitaji kuambiwa kama wanaokuja wamesimama.

Mshale mwekundu na kupinda kwenye nyekundu

Hapa pana eneo linalowaponza wengi wa jamaa zetu walio Marekani. Huko, karibu kila mahali, dereva anaweza kupinda kuume kwenye taa nyekundu ya duara baada ya kusimama kabisa na kuwapisha wote, isipokuwa pawe na kibao cha kukataza. Desturi hii ilisambaa baada ya shida ya mafuta ya miaka ya 1970, na sheria ya nishati ya 1975 iliyasukuma majimbo kuikubali ili magari yasichome mafuta bure yakisubiri. Jiji la New York linaikataza isipokuwa penye kibao cha kuruhusu.

Mshale mwekundu ni habari nyingine. Katika jimbo la California, mshale mwekundu wa kuume unakataza kupinda kabisa mpaka ubadilike. Katika jimbo la Washington, dereva anaweza kupinda kuume kwenye mshale mwekundu baada ya kusimama. Nchi moja, pwani moja, majibu mawili. Ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyeko jimbo jingine, hata kama ni mkweli na ana permi, hautoshi. Kitabu cha jimbo husika ndicho cha kusomwa.

Kwa Kongo jambo ni rahisi zaidi: chini ya mkataba wa Vienna nyekundu ni kusimama, na kinachoweza kufungua nyekundu ni mshale wa ziada au mkono wa polisi. Anayerudi nyumbani kutoka Marekani na mazoea ya kupinda kuume kwenye nyekundu ayaache uwanja wa ndege.

Kupima uzito

Kila msimamo una bei yake, na bei hiyo inalipwa na watu tofauti. Mshale unaolinda unalipwa kwa muda wa wote. Taa ya duara inalipwa na watembea kwa miguu na wapindaji wasio na uzoefu. Mshale unaowaka na kuzima unalipwa kwa elimu: pasipo kufundishwa, ni hatari kuliko kutokuwepo. Ronpwe inalipwa kwa ardhi. Polisi analipwa mshahara kila mwezi, na anahitaji kusimamiwa.

Kwa Baraka, mji unaotegemea sana nguvu ya jua na jenereta, wenye barabara kuu moja inayobeba malori, pikipiki, baiskeli na watoto wa shule kwa pamoja, mizani inaelemea upande wa msimamo wa nne kwa sasa. Ronpwe ndogo yenye alama ya wazi ya kumpisha aliye ndani, pamoja na polisi wa rulaji waliofunzwa ishara za mikono na kuzifanya kwa namna moja, zitaokoa watu wengi zaidi kwa fedha chache kuliko taa za mishale. Mishale bila njia za kupindia na bila umeme wa uhakika itazima, na taa iliyozimika huacha kila dereva na tafsiri yake.

Siku taa zitakapofika, hoja yenye nguvu ni ile ya msimamo wa kwanza, kwa sharti moja: mshale wa kijani wa kushoto usiwekwe popote mpaka iwe kweli kwamba wanaokuja na wanaovuka wamesimamishwa. Hasara ya sekunde chache ni ndogo mbele ya faida ya ishara yenye maana moja, hasa katika jamii ambayo baadhi ya madereva walijifunzia ng'ambo ya ziwa. Lugha mbili za mshale wa manjano zinafaa nchi yenye shule za udereva zinazofundisha na mitihani inayopima kweli. Pale permi inapoweza kupatikana bila mafunzo, ishara ya hila ni ukatili.

Kwa msafiri, mizani ni tofauti, kwa sababu yeye hachagui mfumo, anaukuta. Anachohitaji ni maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kupinda. Je, nchi hii inaendesha upande gani, na kwa hiyo kona ipi ndiyo ya kukatiza? Je, mshale huu, kwa sheria ya hapa, unasimamisha wengine au unaniruhusu tu? Je, kuna polisi ambaye mkono wake unaizidi taa? Asipojua jibu la swali la pili, achukulie kwamba hakuna aliyesimamishwa. Kuwapisha watu ambao hukulazimika kuwapisha hugharimu sekunde chache na honi za nyuma. Kutowapisha uliopaswa kuwapisha hakurekebishiki.

Muhtasari

Mkanganyiko wa mishale hautokani na ujinga wa madereva. Unatokana na mambo matatu yaliyokutana kando ya ziwa hili: pande mbili za kuendesha, koo mbili za sheria, na safari nyingi za watu waliolazimishwa kuhama. Mwelekeo wa mshale ni uleule kila mahali, bali ulinzi wake unategemea sheria ya mahali. Taa ya kijani ya duara haimlindi anayekatiza popote. Mshale wa ziada wa kijani kando ya nyekundu unaruhusu kupita upande wake, pamoja na wajibu wa kupisha penye sheria kama ya Ubelgiji. Mshale wa manjano unaowaka na kuzima unamtaka dereva apishe, Marekani na Ufaransa pia, ingawa taa zinazouzunguka hazifanani. Mshale mwekundu uheshimiwe kama katazo, mpaka sheria ya jimbo iseme vingine.

Kwa wakuu wa mji wa Baraka na wa Fizi, hatua ya kwanza ni makutano salama bila taa na polisi waliofunzwa. Mishale ifuate baadaye, na ikija iwe ya kulinda. Kwa shule za udereva, elimu ya mishale ianze sasa, kwa Kiswahili, ikilinganisha pande mbili za ziwa, kwa sababu wanafunzi wao watavuka. Na kwa kila dereva, motari (mwendesha pikipiki) na mwenye baiskeli: kabla ya kuufuata mshale, jua nani amesimamishwa kwa ajili yako.